Mguu wa 14: kutoa sauti ya dijitali kwenye deki ya CD ya zamani

SWALI

Fundi, salaam. Nina deki ya CD ya Philips aliyoileta marehemu baba kutoka Dubai enzi zake za ubaharia, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mpaka leo inasoma hata diski zilizokwaruzika ambazo DVD yetu ya sebuleni inazikataa. Shida ni amplifaya niliyonunua mwaka huu: ina tundu la waya wa mwanga, tundu la koaksia la dijitali, na Bluetooth, basi. RCA za kawaida hazimo, wakati deki haina kitu kingine nyuma isipokuwa RCA mbili, nyekundu na nyeupe. Nimefungua kifuniko nikaona chipu kubwa tatu: SAA7210, SAA7220P/B na TDA1541A. Jirani yangu ambaye ni fundi simu anasema haiwezekani, ninunue deki nyingine. Je, naweza kuongeza tundu la dijitali mwenyewe? Nina chuma cha kulehemu na mita. Osiloskopu, kile chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, sina.
– Msomaji, Tanga

JIBU

Wa alaika salaam, ndugu yangu. Pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kuitunza deki yake.

Jirani yako amekosea, ila simlaumu. Ukiitazama deki kwa nyuma ni kweli huoni kitu. Lakini ndani, kwenye moja ya chipu hizo hizo ulizonitajia, sauti ya dijitali unayoitafuta inatoka kila diski inapozunguka, na imekuwa ikitoka tangu baba yako alipolifungua boksi. Inafika kwenye mguu wa 14 wa SAA7220 na kuishia hapo, kwa kuwa kiwanda hakikuipa waya wa kuipeleka nje. Deki za bei ya juu zenye chipu hizo hizo zilipewa tundu. Yako ikanyimwa. Kwa hiyo huna cha kutengeneza upya. Una cha kukitoa nje bila kukiharibu njiani, na hapo kwenye kukitoa ndipo wengi wanapoboronga.

Kwanza nikuulize kama kweli unaihitaji kazi hii. Kama shabaha yako ingekuwa kunakili CD za mzee ziingie kwenye kompyuta, ningekwambia funga kifuniko, tafuta kompyuta yenye sehemu ya kuingizia diski, nakala itatoka safi na haraka zaidi. Vilevile kuna viboksi vidogo vinavyopokea RCA za kawaida na kutoa mwanga upande wa pili. Vinafanya kazi, ila sauti inageuzwa kutoka namba kuwa umeme, kisha irudishwe kuwa namba, kisha amplifaya iigeuze tena. Kwa deki yenye TDA1541A hilo ni kama kukuna nazi, kulikausha tui, halafu kulikoroga tena kwa maji. Wewe amplifaya yako haina njia nyingine, na deki ni nzima. Basi tuendelee.

Hizo chipu tatu zimegawana kazi hivi. SAA7210 inapokea kile leza ilichosoma, inakitegua, inasahihisha makosa (ndiyo maana diski zako zilizokwaruzika bado zinalia), kisha inaipa SAA7220 namba safi: biti 16 kwa kila sampuli, sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia. SAA7220 inazifanyia namba hizo mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kuzizidisha mara nne, zifike 176,400 kwa sekunde, ili TDA1541A izigeuze kuwa sauti kwa urahisi. La pili, ambalo ndilo letu, ni kuzichukua zile 44,100 za asili bila kuzizidisha na kuzifunga kwenye kifurushi cha S/PDIF, lugha inayoeleweka na kila amplifaya yenye tundu la dijitali. Kila sampuli inapewa nafasi ya biti 32, pande mbili zinakuwa 64, ukizidisha kwa 44,100 unapata biti 2,822,400 kwa sekunde. Zote zinapita kwenye mguu mmoja. Karatasi ya maelezo ya chipu inauita mguu huo DOBM.

Namba hizo nazitaja kwa sababu. Kuna watu wanaoona TDA1541A ndiyo chipu yenye jina kubwa, wanakwenda kuchomoa mawimbi kwenye miguu yake. Pale namba zimeshazidishwa mara nne, na bado hazijafungwa kwenye kifurushi. Amplifaya haitazielewa kamwe. TDA1541A iache ipumzike. RCA zako za zamani zitaendelea kulia kama kawaida hata baada ya kazi hii.

Sasa kuupata mguu. SAA7220 ina miguu 24, kumi na miwili kila upande. Ukiitazama kutoka juu, kile kikato cha nusu duara kikiwa upande wa mbali nawe, mguu wa 1 uko juu kushoto. Unahesabu kushuka mpaka 12 chini kushoto, unavuka kwenda 13 chini kulia, kisha unapanda. Mguu wa 14 ni wa pili kutoka chini, upande wa kulia. Kuhakikisha hujapotea, washa deki, weka mita kwenye volti za DC, gusa mguu wa 12 kwa waya mweusi na wa 24 kwa mwekundu. Upate volti 5. Usipopata, umehesabu vibaya.

Hapo pana mtego, na mimi nimewahi kunasa. Kulehemu utalehemu chini ya bodi, upande wa shaba, na ukishaigeuza bodi kushoto kunakuwa kulia. Deki ya kwanza niliyoifanyia kazi hii nilihesabu vizuri kabisa juu, nikageuza, nikalehemu waya kwenye mguu wa pili kutoka chini upande wa kulia. Ulikuwa mguu wa 11, ambako kristali ya megahezi 11.2896 imeshikiliwa. Waya wangu ukaielemea kristali, mapigo ya deki nzima yakasimama, diski haikuzunguka hata kidogo. Nikakaa usiku mzima nikishuku mota, kisha leza, nikaanza hata kuilaumu Tanesco. Tangu siku hiyo kabla ya kugeuza bodi naweka alama ya kalamu ya wino, na baada ya kugeuza napima kwa mlio wa mita kutoka juu mpaka chini. Wewe fanya hivyo pia.

Chomoa waya wa umeme ukutani kabla ya kushika chuma. Kuzima swichi ya mbele hakutoshi, sehemu ya transfoma inaweza kubaki na volti 230. Deki ikiwa wazi na inawaka, usiinamie kijicho cha leza. Mwanga wake una mawimbi ya nanomita 780, jicho halioni karibu chochote, na kutokuona si kwamba haukupigi. Na kabla ya kugusa chipu gusa kwanza chuma cha mwili wa deki, umeme tuli umalizike mwilini mwako. Bodi za miaka ile zina njia za shaba zinazobanduka upesi zikichomwa mno: chuma chenye ncha nyembamba, sekunde mbili tatu, toa.

Mguu ukishapatikana, weka diski icheze, pima DC kati ya mguu wa 14 na wa 12. Mawimbi haya yamepangwa kwamba muda wa kuwa juu na muda wa kuwa chini unalingana, kwa hiyo mita, ambayo haina mbio za kuyafuata, itakuonyesha wastani: takriban volti moja na nusu hadi mbili na nusu. Ukiona sifuri kamili, au 5 kamili isiyotikisika, mguu huo haufanyi kazi au si wenyewe. Hicho ndicho kipimo cha maskini asiye na osiloskopu, na kimenitosha mara nyingi.

Tuje kwenye kuyatoa nje. Utakutana na watu wanaounga waya kutoka mguu wa 14 moja kwa moja mpaka kwenye tundu, wakiweka rezista moja tu njiani. Inalia. Tatizo ni kwamba tundu la koaksia upande wa amplifaya lina ukinzani wa omu 75 na linataka mawimbi ya volti 0.5 kutoka bonde hadi kilele, ikiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 20. Mguu mmoja wa chipu ya zamani inayochemka kama pasi haukuandaliwa kubeba mzigo huo. Kingo za mawimbi zinalegea, na ukitumia waya mrefu kidogo sauti inaanza kukatika katika. Na ukichezea nyaya deki ikiwa imewaka, SAA7220 ndiyo itakayoumia.

Weka katikati chipu ndogo ya kusukuma: 74HCT04. Zingatia herufi T. SAA7220 ni chipu ya NMOS, aina ya zamani ya utengenezaji wa chipu, volti yake ya juu haifiki 5 kamili. 74HC04 ya kawaida inabadilika kwenye volti 2.5 hivi, kwa hiyo inaweza kuyasoma mawimbi hayo kwa kusitasita. HCT inabadilika karibu na volti 1.5, inayapokea bila ubishi. Ina mageti sita, kila moja linageuza juu kuwa chini na chini kuwa juu. Usiogope kugeuzwa huko. Katika mpangilio wa S/PDIF kila biti inaanza kwa badiliko, na biti ya 1 inaongeza badiliko jingine katikati; kinachosomwa ni mabadiliko yenyewe, siyo nani yuko juu na nani yuko chini. Ukiyageuza mara moja au mara tatu, amplifaya haina habari.

Unganisha hivi. Volti 5 kutoka mguu wa 24 wa SAA7220 ziende mguu wa 14 wa HCT04 (usichanganye na mguu wetu wa 14), na sifuri kutoka mguu wa 12 iende mguu wa 7. Kati ya 14 na 7 ya HCT04 lehemu kapasita ya 0.1 µF, miguu yake mifupi kadiri inavyowezekana. Mawimbi kutoka DOBM yaingie mguu wa 1. Mguu wa 2, ambako yanatokea, uunge na 3, 5 na 9. Matokeo ya mageti hayo matatu, yaani miguu ya 4, 6 na 8, yaunge pamoja yasaidiane kubeba. Kutoka hapo pitisha kapasita nyingine ya 0.1 µF, kisha rezista ya omu 390, kisha ufike kwenye kipini cha katikati cha tundu la RCA. Kati ya kipini hicho na sifuri weka rezista ya omu 100.

Hesabu yake unaweza kuihakiki mwenyewe. Tundu likiwa halijaunganishwa na kitu, 390 na 100 zinagawana volti 5, unabaki na 1.02. Ukitazama kutoka nje, rezista hizo mbili zinaonekana kama omu 80 hivi, jirani kabisa na 75 inayotakiwa. Ukichomeka amplifaya yenye omu zake 75, ile volti 1.02 inagawanyika tena na unapata karibu 0.49. Ukikosa 390, tumia 330 na 100: utapata kama 0.57, bado imo ndani ya mpaka.

Lakini kwako wewe ningeanza na mwanga, kwa kuwa tundu lake unalo. Sababu yangu haitokani na sauti. Nyumba zetu nyingi waya wa ardhi upo kwenye soketi kwa jina tu, na ukiunganisha deki na amplifaya kwa koaksia mara nyingine unaalika mvumo usiojua umetoka wapi. Mwanga hauna umeme ndani yake, kwa hiyo vyombo viwili havigusani. Kwenye koaksia dawa ya mvumo huo ni transfoma ndogo ya mawimbi, ya uwiano wa 1:1, iliyotengenezwa kwa kazi hii. Kuipata dukani huku kwetu ni kubahatisha.

Chombo cha kutolea mwanga kina miguu mitatu: volti, sifuri na mawimbi. Kipya cha kuagiza kipo, kama PLT133/T10W kinachokubali volti 3 hadi 5. Ila kabla ya kuagiza pita kwa mafundi wa DVD. Kila kibanda kina mlima wa DVD zilizokufa leza, na nyingi nyuma zina lile tundu la mraba lenye kimlango. Ling'oe. Tahadhari moja tu: vingine ni vya volti 5, vingine vya 3.3, hivyo kama DVD bado inawaka pima volti kwenye mguu wake kabla hujang'oa. Cha 3.3 kikipewa 5 hakidumu. Uzuri wa HCT04 ni kwamba mageti yamebaki mawili: unga mguu wa 2 na 11 pia, chukua mawimbi kwenye mguu wa 10, yapeleke kwenye chombo cha mwanga, na kati ya volti na sifuri yake weka kapasita ya 0.1 µF. Hapo una matundu yote mawili kwa chipu moja. Mguu wa 13 uliobaki usiuache unaning'inia, upeleke sifuri. Na kama hutajenga upande wa mwanga, 11 nao uende sifuri.

Mwanga una zawadi nyingine kwa asiye na osiloskopu. Ni mwekundu na unaonekana, tena unatoka kwenye kitaa kidogo, siyo leza. Deki ikicheza, chungulia tunduni. Ukiona wekundu umetulia, ni dalili nzuri kwamba mawimbi yanafika.

Kibodi cha HCT04 kiweke karibu na SAA7220, waya wa kutoka mguu wa 14 usizidi sentimita tano au sita. Kutoka kwenye kibodi mpaka nyuma ya deki tumia koaksia nyembamba, usitumie waya mmoja mtupu unaokatiza juu ya upande wa sauti. Nje, watu wananunua nyaya za bei mbaya bila sababu. Waya wa antena ya televisheni ni wa omu 75 kwa kuzaliwa. Mita moja yake na RCA mbili imara zinakutosha. Waya wa RCA wa kawaida mara nyingi utafanya kazi kwa umbali mfupi, lakini ukiona sauti inakatika anza kuushuku huo.

Kutoboa bamba la nyuma kunaua deki nyingi kuliko kulehemu. Unga wa chuma unaruka, unaingia chini ya bodi na kwenye leza. Lifungue bamba ulitoe kabisa. Kama halitoki, funika kila kitu kwa gazeti na gundi ya karatasi, toboa kutoka ndani kwenda nje, kisha pitisha brashi kabla ya kuwasha. Asiyetaka kutoboa anaweza kuutoa waya kupitia tundu la hewa, na mtoto wa mtu hatamcheka.

Kuna jambo moja litakalokushangaza baadaye, afadhali ulijue sasa. Baadhi ya CD za miaka ya 1980 zilirekodiwa sauti nyembamba zikiwa zimeinuliwa makusudi, karibu desibeli 10 kule juu kabisa, ili deki izishushe wakati wa kucheza na mkwaruzo wa chinichini ushuke nazo. Katika deki kama yako kushusha huko hufanywa upande wa analogi, baada ya TDA1541A. Namba zinazotoka mguu wa 14 hazijashushwa. Zinabeba alama tu ya kumwambia mpokeaji kwamba diski hii ni ya namna hiyo. Amplifaya nyingi za sasa haziisomi alama hiyo. Basi ukiweka diski ya zamani ya mzee ukasikia matoazi yanakata kama wembe na sauti ya mwimbaji imekonda, usiifungue deki tena kutafuta kosa. Punguza trebo kwa diski hiyo.

Wasomaji wengine wenye deki tofauti wataniuliza zao je. Tafuta karatasi ya maelezo ya chipu inayopokea kutoka kwa leza, uangalie mguu unaoitwa DOUT au DOBM. Deki nyingi za Kijapani za baadaye unao, ila kwenye chipu nyingine kuna mguu wa pili wa kuruhusu au kuzuia, ambao kiwanda kiliuzuia kwa kuupeleka sifuri. Za mwanzo kabisa, za mwaka 1983 hivi zenye TDA1540 ya biti 14, haziko hivyo: unachukua data na mapigo yake kabla hayajafika kwenye chipu ya kuzidisha, unayapa chipu ya kufungasha kama CS8406. Hiyo siyo kazi ya Jumapili moja, na bila osiloskopu simshauri mtu.

Na wale watakaokuuzia kristali ya bei ya simu wakidai itaituliza sauti ya dijitali, waambie wasubiri. Amplifaya yako inayapanga upya mapigo inapoyapokea. Fedha hiyo nunulia lenzi safi na mkanda mpya wa kufungulia droo.

Siku ya kuwasha, shusha sauti ya amplifaya kwanza. RCA za zamani zikilia na dijitali ikiwa kimya, rudi kwenye mguu wa 10 na ule muungano wa 4, 6 na 8, pima wastani kama ulivyopima mwanzo. Sasa upate karibu volti 2.5. Ukipata hapo na bado kimya, tatizo liko kwenye tundu, kwenye waya, au amplifaya haijachaguliwa kusoma tundu hilo. Na diski isipozunguka kabisa, zima upesi, geuza bodi, hesabu miguu upya.